Tumbo Likichafuka Melini: Namna ya Kujikinga na la Kufanya Ukishaugua

Meli ya kitalii ikipatwa na mlipuko wa kuhara na kutapika, habari zake huzagaa duniani kabla haijatia nanga. Anayezisoma huamini moja kwa moja kwamba meli ile ni chafu. Mara nyingi si hivyo. Sakafu hupigwa deki usiku na mchana, jikoni panang'aa, na bado mamia ya abiria wamejikunja vitandani na ndoo pembeni. Tatizo huwa ni kirusi kimoja kiitwacho norovirusi, na mikono ya watu wengi waliokusanyika mahali pamoja. Mwongozo huu nimeuandika zaidi kwa abiria, ingawa kuna sehemu ya wanaofanya kazi melini pia.

Ujue kwanza unapambana na nini

Norovirusi si ugonjwa wa meli. Kilitambuliwa mwaka 1972 kwa hadubini ya elektroni, kutokana na sampuli za mlipuko uliotokea mwaka 1968 katika shule ya msingi mjini Norwalk, Ohio, nchini Marekani. Hata leo, kwa hesabu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), milipuko ya melini ni takriban asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa nchini humo. Mingi hutokea katika makao ya wazee, hospitali, migahawa na shule. Meli inasikika zaidi kwa sababu inabanwa na sheria ihesabu wagonjwa wake na kuwaripoti. Ukitapika hotelini, hakuna anayekuandika kwenye daftari.

Hata hivyo, meli inakipa kirusi hiki nafasi ambayo hotelini hakiipati. Watu wale wale wanashika vishikio vile vile vya ngazi, vitufe vile vile vya lifti na koleo zile zile za bufee kwa wiki nzima. Meli kubwa za leo hubeba abiria zaidi ya 5,000 na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Isitoshe, abiria wa safari hii wakishuka asubuhi, wa safari inayofuata wanapanda mchana, ilhali wafanyakazi na vyumba ni vile vile. Mlipuko unaweza kurithishwa.

Chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na mgonjwa mmoja hutoa mabilioni ya chembe hizo katika kinyesi chake. Matapishi nayo hurusha matone madogo yanayotua mbali na pale jicho linapoona uchafu. Kirusi hukaa juu ya vitu vikavu siku kadhaa, hata wiki. Hakifi kwa kugandishwa. Dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kukimeza, ugonjwa wenyewe huchukua siku 1 hadi 3, lakini mtu huendelea kukitoa hata wiki mbili na zaidi baada ya kupona. Chanjo bado haijaidhinishwa, na antibiotiki hazikigusi. Kuwahi kuugua hakukulindi kwa muda mrefu, maana aina zake ni nyingi na kinga haidumu.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda

Angalia rekodi ya meli. Zile zenye abiria 13 au zaidi zinazofanya safari za kimataifa na kutia nanga katika bandari za Marekani huangukia mpango wa usafi wa meli wa CDC, ulioanzishwa miaka ya 1970. Wakaguzi hupanda bila taarifa, wanakagua maji, jikoni, mabwawa, vyoo na zahanati, kisha wanatoa alama kati ya 100. Inayopata 86 kwenda juu imefaulu, na inayopata 85 kushuka chini imefeli. Ripoti ziko wazi kwa umma. Usiishie kwenye alama. Soma kilichoikatia meli pointi. Kigae kilichovunjika kwenye ghala la jikoni si habari ya kukunyima usingizi. Mpishi aliyekuwa anahara huku anaandaa saladi ni habari nyingine kabisa.

Katika begi la mkononi weka pakiti kadhaa za ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayehara), kipimajoto, glavu chache za kutupa, mifuko ya plastiki isiyovuja, na dawa zako za kila siku za kutosha safari yote na siku mbili tatu za ziada. Sabuni utaikuta. Bima ya safari isome vizuri, hasa sehemu ya matibabu baharini na ya gharama za kukosa sehemu ya safari kwa ugonjwa. Watu wengi huificha kuhara yao kwa kuogopa kupoteza pesa, kwa hiyo ukijua mapema bima italipa nini, ukweli hautakuwa mzito kuusema siku hiyo.

Bandarini utaulizwa kama umehara au umetapika siku za karibuni. Jibu kweli. Najua ugumu wake: umeweka akiba mwaka mzima, familia imeshafunga masanduku, na tumbo lilisumbua jana tu usiku. Lakini anayedanganya kwenye fomu hiyo ndiye anayeingiza mlipuko melini. Kama umeanza kuumwa nyumbani, piga simu kwa kampuni kabla ya kufika bandarini. Baadhi ya kampuni hukubali kukusogezea safari ukitoa taarifa mapema.

Hatua ya 2: Dakika kumi za kwanza kabini

Wahudumu wamesafisha, lakini wamesafisha vyumba vingi ndani ya saa chache. Chukua karatasi zenye dawa au kitambaa chenye sabuni, ufute rimoti, swichi za taa, simu, vitasa vya milango na makabati, kishikio cha choo na mabomba ya sinki. Basi, inatosha. Wapo wanaofuta kuta na mapazia. Hao wanajichosha bure, kwani hakuna anayelamba pazia.

Hatua ya 3: Mikono, na kwa nini chupa ya mlangoni haitoshi

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Kila mlango wa ukumbi wa chakula una mashine ya kitakasa mikono, na pengine mhudumu anayetabasamu huku akikunyunyizia. Abiria hunyoosha kiganja, husugua mara mbili, huingia ndani wakiamini wameshanawa. Hawajanawa. Vitakasa mikono vya spiriti ni vizuri kwa virusi vyenye utando wa mafuta, kama vya mafua, kwa sababu spiriti huuyeyusha utando huo. Norovirusi hakina utando huo. Kimefunikwa na ganda gumu la protini, na spiriti inapita juu yake bila kukidhuru sana. Kinachokiondoa ni kukisugua kwa sabuni hadi kibanduke kwenye ngozi, kisha maji yanayotiririka yakichukue. Yaani hukiui, unakifukuza. Ndiyo maana muda na msuguano ni muhimu kuliko sabuni yenyewe: sabuni ya kawaida inafanya kazi sawa na ile ya bei ghali iliyoandikwa inaua vijidudu.

Nawa hivi. Lowesha mikono kwa maji yanayotiririka, ya moto au baridi ni sawa. Paka sabuni. Sugua viganja, kisha migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kwa kuvizungusha ndani ya kiganja cha pili, na ncha za vidole kwa kuzikwaruza kiganjani ili povu liingie chini ya kucha. Sekunde 20. Wengi wetu tukijipima kwa saa hatufiki hata 10, na vidole gumba ndivyo vinavyosahaulika, ilhali ndivyo vinavyoshika mkate. Suuza, kausha kwa karatasi, na karatasi hiyo hiyo itumie kufungia bomba na kufungulia mlango wa choo. Itupe ukishatoka.

Kuhusu mlango huo, nina sababu ya kusisitiza. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa usafi wa vyoo vya umma katika meli 56 za kitalii. Watafiti walipaka rangi isiyoonekana kwa macho kwenye vitu vinavyoshikwa mara kwa mara, kama vikalio vya vyoo, vitufe vya kuvutia maji, vitasa, vishikio vya ukutani na meza za kubadilishia watoto nepi, kisha wakarudi kumulika kwa taa maalumu kuona kama rangi ilikuwa imefutwa. Asilimia 37 tu ya vitu hivyo vilikuwa vimesafishwa. Choo kilionekana safi, kinanukia, lakini kitasa hakikuwa kimeguswa na kitambaa. Na meli ambazo zilikuwa zikisafisha vibaya zaidi ndizo zilizokuwa na hatari kubwa zaidi ya mlipuko. Kwa hiyo kama kabini iko karibu, tumia choo cha kabini yako. Cha ukumbini kiwe cha dharura.

Wakati wa kunawa: ukitoka chooni, kabla ya kula, kabla ya kushika mswaki au lenzi za macho, baada ya kubadilisha nepi, baada ya kurudi kutoka bandarini, na baada ya kushika vishikio vya ngazi kwa muda mrefu. Kitakasa mikono kitumie kama nyongeza baada ya sabuni, au pale ambapo sinki haipo kabisa. Na katikati ya hapo, zuia mikono isiende usoni. Mtu huwa haoni ni mara ngapi anajigusa mdomo mpaka ajaribu kujizuia kwa saa moja.

Hatua ya 4: Mezani na kwenye bufee

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wanaonawa vizuri. Unanawa, unaingia bufee, unachukua sahani, unashika upawa wa wali, koleo la saladi, kijiko cha matunda, mpini wa mashine ya juisi. Vyote hivyo vimeshikwa na watu mia kabla yako. Kisha unakaa chini na kumega mkate kwa mkono ule ule. Umenawa kabla ya kushika uchafu, si baada yake.

Dawa yake ni rahisi: pakua kwanza, weka sahani mezani, mwachie mwenzako ailinde, ukanawe ndipo ule. Kama sinki iko mbali, kula kila kitu kwa uma na kisu, mkate nao uushike kwa kitambaa cha karatasi. Au chagua mgahawa wa meli unaohudumiwa mezani, ambako kijiko cha kupakulia kinashikwa na mtu mmoja. Meli nyingine siku mbili za mwanzo haziruhusu abiria kujipakulia. Mhudumu ndiye anayepakua. Usinung'unike ukiona hivyo. Wanasubiri saa 48 zipite ili aliyepanda na kirusi ajulikane.

Chupa ya sosi, kichupa cha chumvi na menyu vishikwe kabla ya kunawa, visishikwe baada. Glasi yako usiishirikishe, na chupa yako ya maji usiigusishe mdomo wa mashine unapoijaza. Jaza glasi kwanza, kisha mimina chupani.

Chakula cha moto kiwe cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60 za selsiasi, na cha baridi kiwe chini ya 5. Huwezi kupima kila sinia, lakini mvuke unauona, na saladi ya mayonezi iliyolegea juani unaiona pia. Chaza wabichi waache. Hao huchuja maji ya bahari na kukusanya kirusi ndani yao, na kuwapitisha kwenye mvuke kwa dakika chache hakutoshi, kwani norovirusi huvumilia joto la kadiri hiyo.

Maji ya bomba ya meli iliyo chini ya ukaguzi kwa kawaida hayana shida. Yanawekwa klorini na kupimwa wakati wote. Hatari ya maji iko nchi kavu, unaposhuka bandarini. Huko si norovirusi peke yake: kuna bakteria kama E. koli na salmonela, na vimelea vingine. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa, kataa barafu usiyojua imetoka wapi, kula kilichopikwa kikaletwa cha moto, na tunda ulimenye mwenyewe.

Hatua ya 5: Bwawa

Mtu anayehara asiingie bwawani wala kwenye beseni la maji ya moto, hata kama anajisikia nafuu. Mtoto wa nepi haruhusiwi katika mabwawa ya kawaida ya meli, na nepi za kuogelea hazibadilishi hilo, kwa sababu zinazuia kinyesi kigumu tu. Maji yasimezwe. Basi.

Hatua ya 6: Mtu akitapika karibu nawe

Ondoka. Si kwa dharau, ila kwa sababu ya yale matone hewani. Sogea mbali mita kadhaa, upande wa kule upepo unakotoka kama uko sitahani, mwite mhudumu, na kama ulikuwa na chakula mkononi, kitupe. Kanawe. Usirudi eneo hilo hadi liwe limesafishwa kwa dawa.

Ikitokea kabini mwako, piga simu ya wahudumu waje na vifaa vyao. Kosa la kawaida ni kuchukua taulo la kuogea, kufuta, kisha kulisuuza kwenye sinki. Sasa sinki nayo imechafuka, na mswaki uko pembeni yake. Kama huna budi kusafisha mwenyewe, melini au nyumbani baadaye, fuata mpangilio huu:

1. Wengine watoke chumbani. Vaa glavu, na barakoa kama ipo.
2. Funika matapishi kwa karatasi nyingi za kukaushia ili yasirukeruke. Usifagie, na usipige vakyumu.
3. Kusanya kutoka nje kuelekea katikati, weka kwenye mfuko wa plastiki, funga, uingize ndani ya mfuko wa pili.
4. Osha sehemu hiyo kwa maji ya sabuni. Klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, hivyo hatua hii usiiruke.
5. Paka dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kama ina klorini asilimia 5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji, yaani mililita 100 katika maji yanayokamilisha lita moja. Acha ikae dakika 5 au zaidi, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi. Mvuke wake unaweza kuua. Fungua dirisha kama lipo.
6. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, nawa kwa sabuni.

Zulia na godoro klorini itaviharibu. Hivyo waachie wahudumu wa meli. Wana mashine za mvuke.

Hatua ya 7: Ukiugua wewe

Ugonjwa huu hauingii kwa adabu. Unaweza kuwa mezani unacheka, ukajikuta dakika kumi baadaye umepiga magoti mbele ya choo. Kutapika kwa ghafla, kuhara majimaji, tumbo kunyonga, mwili kuuma, pengine homa kidogo.

Wa kwanza kukudanganya utakuwa wewe mwenyewe: "Ni bahari tu." Kichefuchefu cha bahari kipo, lakini hakileti kuhara wala homa, huwapata watu meli inapoyumba, na hutulia ukitoka kwenye hewa au meli ikitulia. Kama bahari imelala na wewe unahara, si bahari. Kipimo kinachotumika katika mpango wa CDC ni hiki: choo chepesi mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, au zaidi ya kawaida yako, au kutapika pamoja na dalili nyingine mojawapo, kama kuhara, tumbo kunyonga, kichwa, misuli kuuma au homa.

Ukishafika hapo, piga simu zahanati ya meli kutoka kabini. Usitembee kwenda huko kama huna dharura. Utapita korido, lifti na foleni ya mapokezi, na kila mahali utaacha alama yako. Daktari atakuja au atakuelekeza. Katika meli nyingi matibabu ya ugonjwa huu hayalipishwi mlipuko unapodhaniwa, lakini uliza.

Kisha utaambiwa ubaki kabini hadi saa 24 zipite tangu dalili ya mwisho. Hii ndiyo amri inayovunjwa kuliko zote. Mtu anatapika usiku, asubuhi anajisikia mwepesi, na siku hiyo meli inatia nanga katika kisiwa alichokitamani miaka yote. Anaoga, anavaa, anashuka. Ninamwelewa, lakini simtetei. Asubuhi hiyo bado anamwaga kirusi kwa wingi, na basi la matembezi halina sinki. Mimi ningekaa ndani saa 48, na nisingegusa bufee hadi zipite.

Tumia choo chako, funika kifuniko kabla ya kuvuta maji, na kama kuna ndoo ya kutapikia, iwekewe mfuko.

Tiba ni maji. Changanya pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa. Ukikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kunywa kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko kila dakika chache kama bado unatapika; ukigugumia glasi nzima itarudi yote. Soda na juisi tamu huweza kuzidisha kuhara. Chakula rudia pale hamu inaporudi, huna haja ya kujishindisha njaa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Dawa za kufunga choo mtu mzima anaweza kuzitumia kwa muda mfupi baada ya kuongea na daktari, lakini mtoto asipewe, wala mtu mwenye damu kwenye choo au homa kali.

Mwite daktari bila kungoja ukiona damu kwenye choo, homa ya kuzidi nyuzi 39, kutapika kunakozuia hata maji kukaa tumboni, kizunguzungu ukisimama, mkojo mweusi au uliokatika, au kuhara kunakopita siku tatu. Kwa mtoto, tazama macho yaliyoingia ndani, kilio kisicho na machozi, nepi kavu kwa saa sita na zaidi, na usingizi usio wa kawaida. Wazee na wenye kinga dhaifu wafuatiliwe mapema zaidi. Hao ndio wanaofia ugonjwa ambao wengine wanausimulia kwa kicheko.

Hatua ya 8: Mnaolala kabini moja na mgonjwa

Omba kabini nyingine. Mara chache itapatikana, lakini omba. Isipopatikana, gawaneni vitu: taulo, glasi, mto na upande wa sinki. Mswaki wako uutoe bafuni. Mgonjwa akimaliza chooni, futa kikalio, kitufe cha kuvutia maji, bomba na kitasa kwa dawa uliyopewa na wahudumu. Waombe dawa inayoua norovirusi, kwani nyingi za kawaida haziui. Mashuka machafu usiyakung'ute. Yakunje polepole uchafu ukiwa ndani, yaingie mfukoni.

Na ujihesabu kuwa uko njiani kuugua kwa saa 48. Unaweza kutoka, lakini bufee, watoto wa wenzako na chumba cha michezo viache kwanza.

Hatua ya 9: Kwa wanaofanya kazi melini

Kama unashika chakula, unatengwa hadi saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho. Idara nyingine ni saa 24. Unazijua sheria hizi. Unajua pia sababu ya watu kuficha: zamu imebana, bosi ananuna, na bahshishi ya wiki inapotea. Hapo lawama naiweka juu ya msimamizi kuliko mfanyakazi. Meli inayomlipa mgonjwa wake kwa siku alizotengwa itaambiwa ukweli. Isiyomlipa itapata mpishi anayekimbia chooni kimyakimya. Andikisha dalili zako na saa zilipoanza, hata kama ni choo kimoja chepesi, ili rekodi ikulinde. Na kitambaa kilichofuta choo kisiguse sinki, hata kama umebakiwa na vyumba vinane na saa moja.

Hatua ya 10: Meli ikitangaza hali ya tahadhari

Kwa meli zinazoelekea bandari za Marekani, wagonjwa wakifika asilimia 2 ya abiria au ya wafanyakazi, nahodha lazima apeleke ripoti maalumu. Wakifika asilimia 3, CDC huutangaza mlipuko hadharani. Katika meli ya abiria 4,000 hiyo ni wagonjwa 80, kisha 120. Kumbuka hao ni waliojitokeza.

Utaona mabadiliko kabla ya tangazo: vichupa vya chumvi vimeondolewa, bufee inahudumiwa na watu wenye glavu, maktaba imefungwa, harufu ya klorini kwenye korido, vishikio vya ngazi vinafutwa kila mara. Hapo punguza mikusanyiko, kula mezani, na acha kupeana mikono; salamu ya mdomo inatosha. Safari inaweza hata kukatizwa. Januari 2014, meli ya kitalii Explorer of the Seas ilikatiza safari yake ya Karibi na kurudi New Jersey baada ya abiria zaidi ya 600 kuugua.

Hatua ya 11: Ukishashuka

Nguo za safari zifue kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, uzikaushe kabisa, na zile zilizochafuka uzifue peke yake. Sanduku lifutwe ndani na nje. Kama uliugua, usipikie wengine hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome, na kwa wiki mbili zinazofuata uwe mkali na sabuni kila utokapo chooni, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mzee.

Dalili zikianza siku moja au mbili baada ya kushuka, kuna uwezekano kirusi ulikipata melini. Piga simu kwa kampuni ya meli uwaambie namba ya kabini, saa zilipoanza na ulichokula siku mbili za mwisho. Kuna watu wengine wanapanda kulalia kitanda kile kile.